Gari jipya la spoti linasumbua na wakala harekebishi: dalili, vyanzo na la kufanya

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Aliyesubiri gari la spoti kwa miezi, akalipata, akaliendesha wiki mbili akitafuta kila kisingizio cha kupita njia ndefu, kisha akaliona limepandishwa juu ya lori la kuvuta magari, anakijua kidonda chenyewe. Kuharibika si ajabu, maana hata chuma kipya ni chuma. Kinachochosha ni kulipeleka kwa wakala mara ya tatu na kurudishiwa karatasi ileile yenye maneno yaleyale: "Hatukuona tatizo."

Nimepita njia hiyo. Hapa chini nafuata dalili moja baada ya nyingine: chanzo chake cha kawaida, namna ya kukipima bila kugusa kitu kitakachokuharibia dhamana, na pale ambapo gari haliumwi bali ndivyo lilivyoumbwa, nitasema hivyo. Mwishoni namgeukia wakala, kwa sababu karakana nayo ina dalili zake na vyanzo vyake, na yafaa ichunguzwe kama injini.

Daftari kabla ya spana

Hitilafu inayokuja na kuondoka haipatikani kwa malalamiko, inapatikana kwa mazingira yake. "Gari linakosa nguvu" haimsaidii fundi. "Linakosa nguvu kwenye gia ya tatu, kati ya mizunguko 3,000 na 4,000 kwa dakika, injini ikiwa moto, baada ya nusu saa ya barabara kuu, nikikanyaga mafuta zaidi ya nusu" inampa mahali pa kuanzia.

Kila tukio andika tarehe, kilomita, injini baridi au moto, mwendo, gia, taa zilizowaka, mvua au jua, na kiasi cha mafuta kwenye tangi. Abiria akiwepo, achukue video ya dashibodi. Ukiwa peke yako, simama kwanza. Nunua pia kifaa kidogo cha kusoma misimbo ya hitilafu, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Magari yote ya petroli yanayouzwa Marekani tangu 1996, na Ulaya tangu 2001, yana tundu hilo, na misimbo ya msingi inafanana kwa kampuni zote.

Lakini soma tu, usifute. Pamoja na msimbo, kompyuta ya gari huhifadhi picha ya tukio: injini ilikuwa inazunguka kiasi gani, joto la maji lilikuwa ngapi, mwendo gani, mzigo gani. Ukifuta msimbo umefuta na picha hiyo, na vipimo vya ndani vya gari vinaanza upya, ambavyo huweza kuchukua siku kadhaa za kuendesha kabla havijakamilika. Fundi akilipokea gari katika hali hiyo, kweli hataona tatizo, na safari hii kosa litakuwa lako.

Asubuhi haliwaki, au dashibodi inawaka taa zote kwa pamoja

Taa sita zikiwaka kwa mkupuo, za breki, stelingi, gia na mifuko ya hewa, usidhani vitu sita vimekufa usiku mmoja. Shuku umeme mdogo. Magari ya sasa yamejaa kompyuta, na volti zikishuka kila moja inalia kivyake.

Betri ya gari jipya mara nyingi si mpya. Imepita baharini, imekaa uwanjani, kisha kwenye ukumbi wa maonyesho ambako kila mgeni alifungua mlango, akawasha redio na kucheza na viti. Betri iliyoachwa bila chaji kwa muda mrefu huingia ugonjwa usiopona: inajaa haraka na kuisha haraka.

Pima kwa mita ya umeme baada ya gari kulala usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. Volti 12.2, imebaki kama nusu. Chini ya 12, imekwisha. Wakati wa kuwasha, zikishuka chini ya 9.6 hivi katika hali ya hewa ya kawaida, betri ina udhaifu. Injini ikinguruma tarajia kati ya 13.8 na 14.7, ingawa alteneta za kisasa, vifaa vinavyochaji betri injini ikizunguka, huongozwa na kompyuta na zinaweza kupanda na kushuka kuliko hapo bila kuwa mbovu.

Betri ikiwa nzima, swali linalofuata ni nani anayekunywa umeme usiku. Gari likishalala vizuri linatakiwa kutumia miliampia 50 au pungufu. Piga hesabu: miliampia 50 kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2, kwa hiyo betri ya ampia-saa 60 inafika nusu baada ya siku 25 hivi. Kwa gari la wikiendi linalolala wiki tatu chini ya turubai, hiyo tayari ni karibu mno, hata kama hakuna kilichoharibika. Linunulie chaja ya kushikilia betri na yaishe. Lakini kompyuta moja ikikataa kulala na matumizi yakabaki miliampia 500, betri ileile inafika nusu kwa siku mbili na nusu.

Kupima matumizi hayo, tumia mita ya kubana waya, funga gari, kaa mbali na ufunguo wako, na subiri nusu saa hadi saa nzima, maana kompyuta hazilali zote kwa wakati mmoja. Ufunguo wenyewe ni mtuhumiwa: ukining'inia ukutani karibu na gari, baadhi ya magari huendelea kuamka kuusalimia. Kamera ya dashibodi iliyofungwa na muuzaji kama zawadi ni mtuhumiwa mwingine, tena mkubwa.

Na kabla hujahitaji, tafuta kwenye kitabu cha gari namna ya kufungua buti au boneti kwa ufunguo wa mkono. Magari mengi ya spoti huweka betri nyuma ya mlango unaofunguka kwa umeme wa betri hiyohiyo. Aliyebuni hivyo nadhani hakuwahi kuchelewa kazini.

Nguvu zinakatika ghafla, kisha zinarudi ukizima na kuwasha

Hii ndiyo iliyonitesa mimi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Gari linapoona kipimo kisichoeleweka huingia katika hali ya kujilinda: linapunguza nguvu, linazuia mizunguko, wakati mwingine linashikilia gia moja. Ukizima na kuwasha, kipimo kinaanza upya na nguvu zinarudi. Kwa hiyo kurudi kwa nguvu si uponaji. Kunakwambia tu kwamba tatizo linahitaji hali fulani ili lijitokeze: joto, shinikizo, mtikisiko.

Kwenye injini ya tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi, msimbo wa P0299 maana yake shinikizo la hewa halifikii lile kompyuta iliyoagiza. Watu husoma hapo wakakimbilia kubadilisha tabo. Tabo kwenye gari jipya ni la mwisho kulishuku. Anza na paipu za hewa kati ya tabo, kipoza hewa na injini. Paipu isiyokaa vizuri kwenye klipu yake hushikilia hewa ukiendesha taratibu, halafu hupumua ukikanyaga. Sikiliza mlio wa "fyuu" unaokuja pamoja na mzigo. Kagua kama kuna ukungu wa oili kwenye maungio, maana hewa inayotoka huacha alama.

Msimbo wa P0300 ni silinda kushindwa kuwaka bila mpangilio. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Ikiwa ni silinda moja tu inayotajwa, fundi anaweza kuhamisha koili yake, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, kwenda silinda jirani. Msimbo ukiifuata koili, mwizi amekamatwa kwa dakika chache. Usiposogea, anahamia kwenye plagi, kisha pua ya mafuta. Zikitajwa silinda nyingi, fikiria kitu kinachozihusu zote: mafuta, hewa inayoingia kwa wizi, au umeme. Injini hizi hutaka petroli ya oktani iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi. Ukitia ya chini, kompyuta huchelewesha cheche kuilinda injini, nawe unahisi gari limelegea ingawa hakuna taa iliyowaka.

Taa ya injini ikiwa inamulika na kuzima, si kuwaka tu, ondoa mguu. Mafuta yasiyoungua yanakwenda kuchoma kichujio cha gesi kwenye ekzosi, na hicho si kipuri cha kuchezea.

La kwangu lilikuwa P0299, jioni, moto, kwenye mlima. Ziara ya kwanza walibadilisha sensa. Ya pili walibadilisha vali. Ya tatu wakaniambia ndivyo magari haya yalivyo. Ya nne nilikwenda na picha ya tukio iliyonakiliwa kwenye karatasi, nikaomba fundi, si mpokeaji wa wateja, akae kiti cha abiria, nikaendesha dakika 40 hadi joto likafika palepale. Akausikia mlio. Paipu ilikuwa imeingia robo tatu kwenye klipu. Kuirudisha kulichukua muda mfupi kuliko kuandika karatasi.

Gia zinagonga, zinasita au gari linatetemeka likianza kuondoka

Giaboksi yenye klachi mbili si otomatiki ya kawaida, ingawa mguuni inafanana nayo. Ndani kuna klachi halisi zinazobanana na kuachana, na katika foleni ya kusogea hatua kwa hatua kompyuta inafanya kile ambacho dereva wa gia za mkono huambiwa asifanye: inasugua klachi. Joto linapanda, gari linaanza kutetemeka. Acha nafasi mbele yako iongezeke, kisha ondoka mara moja. Mlimani shikilia gari kwa breki, si kwa mafuta.

Mlio wa chuma ukiingiza gia asubuhi ya baridi ni tabia. Kusita kidogo kabla ya oili kupata moto ni tabia. Kutetemeka kila unapoondoka hata baada ya kupumzika, gia kukataa kurudi nyuma, au herufi ya gia kumulika kwenye dashibodi ni hitilafu. Mara nyingi dawa ya kwanza halali ni kuifundisha upya kompyuta mahali klachi zinaposhikia, kazi inayofanywa kwa mashine ya wakala na yenye masharti ya joto na utaratibu. Ikifanywa kwa haraka, gari hurudi baya kuliko lilivyokwenda, nalo likitulia siku tatu na kuanza tena, klachi yenyewe ichunguzwe.

Mtetemo

Tofautisha unafuata nini. Ukifuata mwendo, ukaja kati ya kilomita 80 na 120 kwa saa bila kujali gia, ni magurudumu: balansi, rimu iliyopinda, tairi. Ukifuata mizunguko ya injini hata gari likiwa limesimama, angalia mipira inayoshikilia injini. Ukija ukikanyaga breki tu, ni diski.

Gari likikaa wiki kadhaa, matairi mapana hupata bapa upande wa chini na hutetemeka hadi yapate moto. Baada ya kilomita 20 hivi inatakiwa iwe imekwisha. Na ukikata usukani hadi mwisho kwenye maegesho siku ya baridi, gurudumu la mbele likarukaruka na kukwaruza, usipige simu. Ni jiometria ya usukani na matairi mapana ya kiangazi, ambayo chini ya nyuzi 7 hivi hukakamaa na kupoteza mshiko.

Breki zinalia

Pedi za mbio hulia, na diski za kaboni na kauri hulia zaidi zikiwa baridi au zimeloa. Hilo ulilinunua. Usukani ukitikisika unapofunga breki, fundi atasema diski imepinda. Mara nyingi haikupinda, ni unene wake unaotofautiana kwa sehemu ndogo sana ya milimita kwa sababu pedi zimeacha masalia bila usawa, au nati za gurudumu zilikazwa kwa bunduki ya hewa bila mpangilio. Uliza walikaza kwa kifaa gani.

Maji yanapungua, moshi mweupe asubuhi

Mvuke mwepesi asubuhi ya baridi ni maji ya kawaida ya ekzosi. Moshi mzito mweupe unaoendelea, injini inayokwama-kwama sekunde za kwanza, na chupa ya maji inayoshuka bila tone chini ya gari ni jambo jingine: gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, inavuja.

Usikubali kuambiwa kwamba gari jipya haliwezi kuwa na ugonjwa huo. Ford Focus RS ya 2016 na 2017 ilikuwa na dalili hizohizo, na mwaka 2018 Ford ikaanza kubadilisha gasketi kwa gharama yake: baadhi ya injini zilikuwa zimefungwa gasketi ya Mustang, gari lenye injini ya ukoo uleule wa lita 2.3. Kipuri kilikuwa kizima, ila si cha injini ile. Weka alama kwa kalamu kwenye chupa ya maji, injini ikiwa baridi, upige picha kila wiki. Picha nne zenye tarehe zina uzito kuliko hasira ya mwezi mzima.

Kuhusu oili, injini ya spoti inayozoea kazi inaweza kula kiasi, na vitabu vya baadhi ya kampuni huruhusu nusu lita au zaidi kwa kila kilomita 1,000. Pima palepale, injini katika joto lilelile, uandike. Ikizidi kile kitabu kinachoruhusu, omba wafunge mfuniko kwa muhuri na wapime wao rasmi.

Sasa mgonjwa wa pili: karakana

Dalili: "Hatukuona tatizo." Chanzo: walizunguka mtaa mara moja injini ikiwa baridi, wakachomeka mashine, haikuonyesha msimbo. Katika karakana nyingi za mawakala fundi hulipwa kwa saa zilizoandikwa kitabuni kwa kila kazi, na saa za kazi za dhamana ni chache; kuwinda hitilafu ya kujificha mara nyingi hakulipwi ipasavyo. Simlaumu sana fundi. Dawa ni kumpunguzia uwindaji: lete mazingira kamili, omba kuendesha pamoja naye, na kama tatizo huja asubuhi tu, acha gari lilale hapo.

Dalili: karatasi ya kazi inasema jambo tofauti na ulilosema. Chanzo: mpokeaji amefupisha. Ulieleza sentensi tatu, yeye akaandika "mteja analalamika gia". Fundi hakukutana nawe, alikutana na maneno hayo matatu. Andika yako nyumbani, waiambatanishe, na usome karatasi kabla ya kutia sahihi.

Dalili: kila ziara kipuri kipya, tatizo lilelile. Chanzo: wanabahatisha. Uliza swali moja kwa upole: "Kipimo gani kilionyesha kipuri hiki ni kibovu?" Ukijibiwa kwamba mashine ilisema, kumbuka kwamba mashine hutaja mahali kipimo kilipokosea, haisemi nani alikikosesha. Uliza pia kama kuna taarifa ya kiufundi ya kiwanda kuhusu dalili hiyo, ukitaja namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17. Taarifa hizo hutolewa kwa mawakala, na si kila fundi huzisoma.

Dalili: "Ni kawaida ya gari hili." Inawezekana ni kweli. Omba uendeshe lingine la aina hiyohiyo siku hiyohiyo. Wakikataa, omba maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi na kusainiwa. Utashangaa jinsi kawaida inavyopungua.

Dalili: gari limerudi na ugonjwa mpya. Usukani haujanyooka, plastiki inagongagonga, taa mpya inawaka. Chanzo ni mikono: klipu iliyovunjika, plagi ya waya isiyobonyea hadi mwisho, waya wa ethi uliolegea. Gari likikaa milango wazi saa nyingi bila chaja, au likawekewa programu mpya betri ikiwa dhaifu, hutoka na makosa ya kompyuta ambayo hayakuwepo. Yaandike kando, usiyachanganye na tatizo la awali, maana idadi ya majaribio kwa tatizo moja huweza kuhesabiwa kisheria. Uingereza, sheria ya walaji ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu kibovu, na baada ya hapo tengenezo moja likishindikana anaweza kulikataa gari au kudai apunguziwe bei. Majimbo ya Marekani yana sheria za magari yanayoitwa malimau, yaani yale mabovu yasiyotengenezeka. Kule California huangaliwa, pamoja na mengine, kama gari limekaa karakana zaidi ya siku 30 kwa jumla. Kote huko asiye na karatasi za kila ziara hana kesi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri ziara ya pili: harufu ya petroli, breki kuzama, usukani kukaza, mlio wa kugonga ndani ya injini. Mwaka 2014 Porsche iliwaambia wenye 911 GT3 mpya waache kabisa kuyaendesha, magari 785, baada ya bolti za fimbo za pistoni kulegea na mawili kuungua. Injini zote zikabadilishwa. Simamisha gari na liende juu ya lori. Na lori liagize wewe kwa maandishi kupitia dhamana, ili siku zianze kuhesabiwa.

Unapolichukua, usiondoke getini kwanza. Gusa kila nati ya gurudumu kwa macho, angalia oili na maji, chomeka kifaa chako uone kama misimbo imefutwa. Kisha linganisha kilomita na picha uliyopiga siku ya kulikabidhi. Wengi hukasirika wakikuta kilomita 40 zimeongezeka. Mimi, kwa tatizo linalokuja injini ikiwa moto, nikikuta 40 nafurahi. Nikikuta mbili, nageuza gari hapohapo.